Mshale Usiojua Kitu

Mshale ulipoanza kuzunguka, Emilienne aliiondoa mikono yake mezani haraka, akaifumbata mapajani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kila mama anayeuza samaki kuanzia Kashikishi mpaka Nchelenge anajua kwamba kapu likiwa juu ya mizani na mshale unatembea, huna ruhusa ya kugusa kitu. Ukigusa hata ukingo wa kapu, mpimaji anapiga kelele, "Umegusa!" Kilo zako zinafutwa, na unarudi mwisho wa mstari huku wenzako wakikucheka. Wapo waliopoteza asubuhi nzima kwa sababu ya kufukuza nzi.

Sasa mizani ilikuwa imehamia kwenye kioo cha kompyuta, katika ofisi ya vibali ya ushirika wa samaki. Ilikuwa duara jeupe lenye namba pembeni na mshale mwekundu unaoondoka juu, unateremka taratibu, unapanda upande wa pili, ukifika juu unaanza upya.

"Ikaleni, bamayo," alisema Chisenga, karani wa dirishani, akimwonyesha kiti alichokwisha kukikalia. "Ombi lenu limeenda Lusaka. Mshale ukisimama, kibali kinatoka."

"Itakamata wakati gani, mukubwa?"

"Mshale ndio unajua."

Ilikuwa saa tatu kamili, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tisa, na jua la mwezi wa kumi kule ziwani halina huruma na mtu. Nje, lori la Mulumba lilisubiri na makreti sita ya samaki wabichi waitwao pale, wale wapana ambao watu wa Mansa wanawagombania. Barafu ilikuwa imepondwa na kumwagwa juu yao saa kumi na moja alfajiri. Makreti hayo ndiyo yalikuwa biashara yote ya Emilienne, ambaye alikuwa ameuza cherehani yake ili ayajaze. Yakifika Mansa kabla wanunuzi hawajafunga soko, atakuwa mfanyabiashara tena. Yasipofika, atakwenda kwa Febby kupasua samaki wa watu kwa kibarua, Febby yule yule aliyekuwa akimpasulia yeye kabla vita havijamvusha ziwa kutoka Kongo. Na bila kibali hakuna kwenda, maana pale kwenye kizuizi cha barabarani wanakuteremshia mzigo wako vumbini hata hawakusalimii.

Kwa hiyo alikaa kimya kama walivyokaa wamama wengine saba kwenye benchi nyuma yake, wote macho kwenye mshale.

Aliyeuchora mshale ule alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, hatua sita kutoka pale. Naye ni mume wake.

Didier alikuwa amesoma mambo ya kompyuta mjini Lubumbashi mpaka chuo kilipofungwa. Ushirika ulimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu ili atengeneze ukurasa wa kuombea vibali kupitia laini ya simu. Ukurasa ulifanya kazi siku laini ilipotaka. Siku isipotaka, kioo kilibaki cheupe, na watu wa ziwani hawanyamazi mbele ya kioo cheupe. Walipiga meza, walimtukana Chisenga mpaka bibi yake, na mmoja alikipasua kioo kwa kandambili. Ndipo Chisenga alipokuwa akitoa kitabu na kuandika kibali cha karatasi, akagonga muhuri, watu wakaenda zao. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni: kioo kikifa, andika karatasi.

Patson, meneja, alizichukia karatasi zile, kwa sababu kila karatasi ilimwambia aliyeko juu kwamba mashine imeshindwa.

"Weka kitu kinachozunguka," alimwambia Didier. "Mtu akiona kinazunguka, anajua kazi inaendelea."

Didier alichora picha kumi na mbili za mizani, kila moja mshale ukiwa mbele kidogo, akaziunganisha zikimbizane. Alikuwa amekulia ufukoni Kilwa, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, akajua achore nini ili watu wake watulie. Siku ya kwanza wamama walipoona, wakafumbata mikono bila kuambiwa, naye akajisikia mkubwa mno. Hata hivyo alisema, sina budi kumpa haki yake, alisema.

"Mais bosi, ile ni picha tu. Haijui kitu. Laini ikikatika, iko inazunguka vile vile. Unipe siku mbili niiwekee mwisho. Ikipita dakika tano isimame, iandike laini imekatika."

"Wageni wanaolipia mradi wanakuja Alhamisi," Patson alijibu. "Unataka wasome 'imekatika'? Huo mwisho utauweka baadaye."

Majaribio yalikuwa yamebakiza siku tisa. Didier aliacha ilivyo.

Lilikuwepo jambo jingine. Ushirika haukutaka mfanyakazi mwenye jamaa kwenye biashara ya samaki, eti atapendelea. Kwenye fomu, palipoulizwa kazi ya mke, Didier aliandika: hana. Alhamisi ile asubuhi, akifunga tai yake ya pekee aende ofisini, alimwambia Emilienne, "Pale ku biro, mi na weye hatujuane."

"Na hapa nyumbani je?" Emilienne, ambaye humwita kwa jina la binti yao, Mimi, alimcheka. "Tunajuana hapa? Niulize mapema, baba Mimi, nisije nikapikia mutu sijue."

Wakacheka wote wawili. Wiki nzima Didier alikuwa amejisifu juu ya mshale wake. Kwamba haujui kitu, hakusema. Mume gani anapenda kumweleza mke wake kwamba kazi anayosifiwa ni uongo?

*

Saa tatu na dakika kumi, taa ya kijani kwenye kisanduku cha laini ilizimika.

Didier aliiona. Alikuwa amesimama karibu nayo, mikono nyuma, na Patson alikuwa akiwaeleza wageni mradi. Wageni walikuwa wawili, mama mmoja muzungu mwenye daftari na bwana mmoja wa Lusaka mwenye miwani. Ukuta ulikuwa na kidirisha cha kioo, na kupitia hapo waliweza kuwaona wafanyabiashara.

"Tazama walivyotulia," Patson alisema. "Miezi miwili nyuma pale palikuwa vita."

"Kweli wametulia," alisema mama muzungu, akaandika. Kisha akamgeukia Didier. "Huo mshale unaonyesha nini hasa?"

Didier aliitazama taa iliyozimika, akamtazama Patson, ambaye alikuwa akitabasamu kwa meno tu.

"Unaonyesha ombi limefika wapi, madamu."

"Safi sana," alisema bwana wa Lusaka.

Laini ya Nchelenge ikikatika asubuhi huwa inarudi baada ya robo saa, wakati mwingine nusu saa. Didier alijiambia itarudi. Ikirudi, Emilienne atabonyeza tena, itakwisha. Sauti ya mke wake ikapenya mbao, wazi kabisa, kama wako chumba kimoja.

"Mukubwa, bado?"

"Si bado unazunguka, bamayo?" Chisenga alijibu. "Kama unazunguka, bado."

*

Saa nne na robo aliingia Mwewa, mnunuzi kutoka bara, mtu wa viazi aliyejaribu samaki mwaka ule tu. Alikaa kwenye kompyuta ya pili, ile ya wanunuzi wa bara, akabonyeza, mshale ukaanza. Aliutazama ukizunguka mara nne.

"Kitu hiki kinanichezea," alisema. Akainama chini ya meza, akang'oa waya.

Benchi zima lilishtuka. "Yoo! Amegusa!" mmoja alisema, na wengine wakacheka kwa raha, maana mjinga amejipoteza mwenyewe, sasa atarudi nyuma yao wote. Kioo cha Mwewa kikawa cheusi.

"Imekufa," Mwewa alimwambia Chisenga. "Niandikie karatasi."

Chisenga alikuna shingo, akakitazama kioo cheusi. Kanuni ilikuwa kanuni. Akavuta kitabu, akaandika, akagonga muhuri. Mwewa aliondoka na kibali chake bila hata kukaa dakika kumi, na kicheko cha benchi kikakatika.

Emilienne alisimama nusu, mikono bado mbali na meza. "Mukubwa, na mi uniandikie vile."

"Yako imekufa?"

"Mi sijue kama imekufa. Iko inazunguka tu tangu saa tatu."

"Basi haijafa. Ya bwana yule ilikufa, mliona wote. Mimi siwezi kuandika karatasi kwa kitu kinachotembea, bamayo. Ikitoka Lusaka na mimi nimeshaandika, vibali viwili kwa mzigo mmoja, nani atafungwa? Ni mimi."

"Na nikitosha waya kama yeye?"

Chisenga alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. "Yule ana kitambulisho cha Zambia. Wewe ukivunja mashine leo, na wageni wako ndani, watauliza karatasi zako za kuvukia. Unazo?"

Emilienne alikaa. Karatasi zake za kuvukia zilikuwa zimekwisha tangu Pasaka.

Mulumba, dereva, alichungulia mlangoni saa tano. "Mama Mimi, barafu imekuwa maji. Tuende ao tubakie?"

"Ngoja kidogo, Mulumba. Uone, umefika juu tena."

"Unafika juu tangu asubuhi!"

"Nikitoka, nitaanza nyuma ya bantu yote hii. Ngoja, baba. Dakika tano tu."

Mulumba alipiga ulimi, akaenda kusogeza lori kivulini. Lakini kivuli cha saa tano Nchelenge ni kidogo, na wenzake wenye vibali vya jana walikuwa wamekwisha kukichukua.

*

Saa sita wageni waliletewa soda. Patson alitaka Didier awaeleze mpango wa mwaka ujao, naye akaeleza, kwa Kiingereza chake cha kitabuni, huku sikio moja likiwa ukutani na jicho kwenye taa, ambayo ilikuwa bado imezimika.

"Mukubwa, ninaomba tu uulizie huyu kijana wa mashine," Emilienne alikuwa akisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Eko humu ndani, sindiyo? Ule mwenye kuitengeneza. Atoke aangalie tu. Aangalie mara moja!"

"Yuko na wageni, bamayo."

"Mara moja tu! Yeye atajua!"

Didier aligeuka kuutazama mlango katikati ya sentensi.

"Kuna tatizo?" aliuliza mama muzungu.

Ni hatua sita. Angetoka, angesema neno moja, "Imekatika," na Chisenga angeandika. Bado kulikuwa na wakati, pengine; samaki wa saa sita hawauzwi kwa bei ya samaki wa asubuhi, lakini wanauzwa. Ila angetoka, wageni wangejua kwamba mshale haujui kitu, na kwamba yeye aliwadanganya kwa muda wa saa tatu nzima. Na Emilienne, katika furaha yake, angesema nini? Angeweza kusema, "Baba Mimi."

"Hakuna tatizo, madamu," alisema Didier. "Ni watu wa soko. Wana sauti kubwa."

Mama muzungu alicheka, akafunua ukurasa mpya.

Saa saba kasoro robo, Mulumba aliingia na kofia mkononi. Alikuwa na mizigo ya watu wengine kwenye lori, na hao walikuwa na vibali. "Mama Mimi, nimeshusha makreti yako. Usinikasirikie. Maji yenye kutoka mule inanuka."

Hapo Emilienne aliinuka na kushika meza kwa mikono miwili. Mshale haukumjali, uliteremka, ukapanda.

"Umetoka kitini?" Chisenga aliuliza.

"Samaki yangu iko inaoza!"

"Nauliza tu, kwa sababu nyuma yenu kuna watu. Kama mmetoka, mweke kidole hapa." Akasukuma daftari na kidau cha wino.

"Inasema nini?"

"Inasema mwombaji ameacha mwenyewe. Bila hiyo, ombi linabaki juu ya jina lenu, na safari ijayo hamtapewa kibali."

Emilienne aliweka kidole gumba. Wino ulikuwa umekauka, ikabidi akitemee mate kidole na kukandamiza mara mbili, mbele ya wamama saba. Aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi alisogea kumpisha, kisha akaketi kwenye kiti kile, akaandikiwa ombi lake, akafumbata mikono.

*

Saa kumi Didier alifika nyumbani na barua. Walipanga chumba na ukumbi kwa Mwaba, mwanamke wa pale pale ufukoni, ambaye alimpokea njiani.

"Bashi Mimi, mambo gani haya? Mkeo ameleta harufu nyumbani kwangu. Nina wapangaji wengine. Jua likizama bado iko, mtatoka nayo."

Nyuma ya nyumba, Emilienne alikuwa amepiga magoti katikati ya makreti. Alikuwa amejaribu kuwapasua samaki na kuwatia chumvi, lakini nyama ilikuwa ikibanduka kwenye mfupa kwa kidole tu. Chumvi nayo ilikuwa imeharibika. Febby alikuwa amepita kutoa pole, na pole yake aliimalizia kwa maneno haya: "Kesho saa kumi na mbili ninapasua. Ukuje na kisu yako mwenyewe."

Didier alisimama na barua mkononi. Alikuwa ameifanyia mazoezi furaha yake njia nzima na sasa hakujua pa kuiweka.

"Wamenikamata kazi, mama Mimi. Ya kudumu. Mushahara unaanza mwisho wa mwezi wa kumi na moja."

"Bon." Hakuinua kichwa. "Soma."

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Aliitafsiri polepole. Ilimsifu kwa bidii, kwa nidhamu, na kwa utulivu wa wateja.

"Utulivu," Emilienne alirudia. Akafuta kisu kwenye kitenge. "Baba Mimi, laini ilikatika saa ngapi?"

Angeweza kusema saa tano, au kwamba hajui. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza siku ile kusema kweli, na aliisema mahali ambapo haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

"Saa tatu na dakika kumi."

"Na weye ulijua saa ngapi?"

"Ile ile."

"Ulinisikia nikikuita?"

Nzi walikuwa wengi mno. Didier aliwafukuza, wakarudi.

"Nilikusikia."

Emilienne alisimama. Hakumtukana. Didier alikuwa amejiandaa kwa matusi, angeyapokea yote, yangempunguzia. "Kamata kreti," alisema. "Tukatupe kabla Mwaba hajatufukuza." Didier alishika fundo la tai aivue. "Na usitoshe tai. Bantu bakuone."

Shimo la takataka lilikuwa ng'ambo ya barabara, kama hatua mia moja. Majirani walikuwa nje, kama kawaida ya jioni. Didier alibeba kreti ya kwanza kifuani, maji mekundu yakimchuruzikia suruali ya kazi, akisalimu kila anayemsalimu. Mke wake alifuata na ya pili kichwani. Walirudi, wakabeba ya tatu na ya nne.

Walikuwa na zile mbili za mwisho, wamefika kando ya barabara, wakati gari la ushirika lilipotokea upande wa shimo, likapunguza mwendo, likasimama. Patson alikuwa kwenye usukani. Wageni walikuwa nyuma, vioo vimeshushwa.

"Didier! Ni wewe?" Patson alitazama kreti, akatazama tai, akakunja pua. "Samaki wa nani hao?"

Emilienne alikuwa nyuma ya mume wake hatua tatu, mkono mmoja ukishikilia kreti kichwani.

"Sijui, bosi," alisema Didier. "Ni ya mama mmoja tu. Namusaidia."

"Mnaona?" Patson aliwageukia wageni. "Nimewaambia, vijana wetu wana moyo."

Mama muzungu alimtazama Didier kwa macho ya upole sana.

Emilienne alisogea. Aliteremsha kreti yake chini, akanyoosha mikono, akaipokea ile aliyobeba mume wake. Alipiga goti kidogo, kama unavyompigia mtu mzima usiyemjua.

"Asante, bwana," alisema. "Mungu akubariki. Inatosha, nitamalizia mwenyewe."

"Panda basi," Patson alisema. "Tukupeleke kwako ukabadilishe nguo. Unakaa wapi?"

Nyumba ilikuwa pale pale, nyuma yao, bati lake linaonekana.

"Mbele, bosi," alisema Didier. "Mbele kidogo."

Akapanda. Gari liliondoka, likapita nyumba ya Mwaba. Mimi, binti yao wa miaka minne, alikuwa amekaa kizingitini akimngojea. Alimwona, akaruka juu, akapunga mikono yote miwili, "Papa! Papa!" Didier alitazama mbele. Mama muzungu alitoa mkono dirishani, akampungia.